Siku Kumi na Mbili Bila Salamu

Nilikuwa nimelala chali nyuma ya kaunta ya duka la vifaa la Tollefson, bisibisi mkononi na tochi kifuani, nikifungua feni ya kipasha joto. Skrubu mbili zilikuwa zimetoka, ya tatu imeng'ang'ania. Ilikuwa Ijumaa iliyofuata Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Nje theluji ilikuwa ikianguka taratibu bila upepo, na ndani kulinukia kahawa na kamba mpya. Verlyn Tollefson, mwenye duka, alikuwa akipekua sanduku la herufi za plastiki, zile za kupachika kwenye ubao ulio mbele ya duka. Binti yake Marit, ambaye ndiye anayeliendesha duka siku hizi, alikuwa akizifuta vumbi moja moja. Baba anaimba kwa pua, binti anamcheka. Nawaambieni, ndugu zangu wa Elmdahl, mkitaka kujua amani ya nyumba ya mtu, laleni chini ya kipasha joto chake mpaka asahau kwamba mpo.

"Za Krismasi zimetimia zote," Verlyn akasema.

"Baba, mwaka huu nilifikiri tuandike Heri ya Sikukuu."

"Sikukuu ipi?"

"Zote."

"Na hizo zote zinaitwaje?"

"Zinaitwa zote, Baba."

Nikaacha kuzungusha bisibisi.

"Mama yako aliandika Krismasi Njema kwenye ubao ule miaka thelathini na minne," Verlyn akasema.

"Najua. Mimi ndiye niliyekuwa nashika ngazi."

"Sasa?"

"Sasa mume wangu anapita chini ya ubao ule kila Desemba, na hiyo si sikukuu yake. Miaka kumi na mmoja, Baba. Hajawahi kulalamika hata siku moja."

"Kama yeye hajalalamika, wewe unamlalamikia kwa nini?"

Mume wa Marit ni Gil Adelman, mwalimu wa hesabu katika shule yetu. Ni Myahudi, mzaliwa wa New Jersey, mtu wa mzaha na kelele kidogo, jambo ambalo hapa Minnesota ya kaskazini huchukua muda kuzoeleka. Verlyn ana miaka sabini na saba. Mkewe Arlys alifariki miaka miwili iliyopita, naye anaishi peke yake maili tatu nje ya mji, katika nyumba waliyoijenga pamoja. Nawajua wote kwa sababu kazi yangu ni kutengeneza matanuru ya kupashia nyumba joto. Sikuisomea darasani. Nilijifunza kwa kufungua vitu na kuvirudisha kwa mpangilio ule ule, na labda ndiyo maana sipendi kuhukumu kabla sijafungua kifuniko. Siku ile nilisikia wawili ambao kila mmoja alikuwa na haki yake.

Jumamosi Marit akapachika Heri ya Sikukuu. Jumatatu, kabla duka halijafunguliwa, Verlyn akaja na ngazi yake akabadilisha. Jumatano Marit akabadilisha tena. Hawakupigiana kelele. Ninyi mnatujua tulivyo: sisi husema "si neno", tukaenda nyumbani, tukalala macho wazi. Lakini Bernadine Kvale, mteja wa duka hilo, alipiga picha ubao huo katika siku zote tatu, akaziweka katika ukurasa wa mji kwenye mtandao, na kufikia jioni watu mia mbili walikuwa wametoa maoni. Wengine walikuwa Texas. Sijui mtu wa Texas anatafuta nini kwenye ubao wa Elmdahl.

Tangu hapo kununua misumari kukawa vita. Mteja akiingia husema "Krismasi njema!" kwa sauti ya kurusha jiwe. Mwingine hujibu kutoka kwenye rafu za rangi, "Na heri ya sikukuu kwako pia!" huku ameuma meno. Familia mbili zilizonunua hapo tangu enzi za babu zao zikaanza kwenda mji mwingine. Moja ilisema duka limemkana Kristo, nyingine ilisema duka linabagua watu.

Nilikuwepo siku Bernadine alipomshika mkono Abdirizak Warsame, Msomali anayefanya kazi katika kiwanda cha nyama ya bata mzinga, na kumvuta hadi kaunta.

"Mwambie Verlyn," akasema. "Mwambie jinsi unavyoumia."

"Naumia wapi, mama?"

"Ukiambiwa Krismasi Njema!"

Abdirizak akatazama nyuso zetu moja moja. "Nikiambiwa Krismasi Njema nasema asante, nawe pia. Mimi nimefuata beleshi la theluji. La mwaka jana limevunjika mpini."

"Unaona?" Verlyn akasema kwa furaha.

"Na ukiambiwa Heri ya Sikukuu?" Marit akamuuliza.

"Nasema asante, nawe pia. Mabeleshi yako upande gani?"

"Unaona?" Marit akamwambia baba yake.

Jamani, mnaona ugonjwa ulivyokuwa? Mtu aliwapa dawa mikononi, na kila mmoja akaichukua akampigia mwenzake.

Ijumaa ya tarehe nane Desemba kila kitu kikapasuka. Gil alikuja dukani kumchukua mkewe. Ilikuwa siku za Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi, na mama yake alikuwa amewatembelea kutoka New Jersey. Verlyn alikuwa kwenye kaunta. Akamtazama mkwewe, akasema polepole, "Krismasi njema, Gil." Hakuwa amewahi kumwambia hivyo, kwa miaka yote kumi na mmoja. Huwa anamwambia, "Barabara ikoje?" na Gil hujibu, "Bado ipo." Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao.

Gil akatabasamu, akafungua mdomo. Nadhani alitaka kusema asante, nawe pia. Marit hakumpa nafasi.

"Umesema hivyo ili kumuumiza."

"Nimemsalimu. Siruhusiwi kusalimu dukani kwangu?"

"Marit, hebu acha, mimi sina..." Gil akaanza.

"Wewe nyamaza!" Baba na binti walisema kwa pamoja.

Verlyn akavaa koti. Aliukosa mkono wa koti mara mbili, na hakuna aliyemsaidia. "Asubuhi usinipigie," akamwambia binti yake. "Mpaka uwe tayari kunisalimu kama mama yako alivyokufundisha."

"Na wewe usipige mpaka uwe tayari kumsalimu mume wangu kama mtu. Namba unayo."

Hapa lazima niwaeleze jambo. Tangu Arlys afariki, Marit alikuwa akimpigia baba yake simu kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hawakuwa na mengi. "Umeamka?" "Nimeamka." "Umekula?" "Nitakula." Dakika moja, basi. Katika nchi ya baridi kama yetu, mzee anayekaa peke yake huhitaji dakika hiyo kuliko anavyohitaji kuni. Nao waliitupa dakika hiyo kwa sababu ya maneno mawili ya ubaoni. Nami nilijua, mji mzima ulijua, tukasema hayo ni mambo ya familia.

Tarehe kumi na nane upepo ukaanza. Siku mbili hatukuona ng'ambo ya barabara. Ubao wa duka ulibaki uchi. Herufi zote zilizokuwapo zilipeperushwa. Jumatano, tarehe ishirini, jua likatoka, na baridi ikashuka hadi digrii ishirini na saba chini ya sifuri.

Asubuhi hiyo niliwapigia wateja wangu wazee kwa mpangilio wa orodha yangu, kama ninavyofanya baada ya kila dhoruba. Verlyn alichelewa kupokea.

"Unahitaji chochote?" nikamuuliza.

"Hapana, hapana. Niko sawa."

"Tanuru linafanya kazi?"

"Usijisumbue, Lowell. Una watu wengi. Kichwa tu kinaniuma kidogo. Hali ya hewa."

"Haya, Verlyn."

Nikakata simu, nikaweka alama kwenye jina lake, nikaenda kanisani. Nimeifikiria alama ile mara nyingi tangu siku hiyo.

Katika chumba cha chini cha kanisa, akina mama walikuwa wakibadilisha maji kwenye ndoo za samaki waliolowekwa kwa magadi, mlo wetu wa jadi, kwa ajili ya chakula cha Jumamosi. Mimi nilikuwa naangalia boila, tanuru la maji ya moto la kanisa. Mmoja wao akaja na birika.

"Kahawa, Lowell?"

"Hapana, asante."

"Kidogo tu?"

"Usijisumbue."

"Nimeshamimina."

"Basi, nusu kikombe."

Nikakishika kikombe, na hakikufika mdomoni. Ninyi nyote mmelelewa kama mimi. Mnajua kwamba kwetu "hapana" ya kwanza ni adabu. Ya pili ni kumpima mwenzako kama anakusudia kweli. Jibu lenyewe hutoka mara ya tatu. Mama huyu aliniuliza mara tatu kwa sababu ya kahawa. Mimi nilimuuliza mzee wa miaka sabini na saba mara mbili, kuhusu tanuru lake, katika baridi ile, akaniambia kichwa kinamuuma, dalili ya kwanza ya hewa ya sumu, nami, fundi wa matanuru, nikamwambia haya.

Nilimpigia tena Verlyn. Simu ikaita bila kupokelewa.

Duka la Tollefson liko njiani, nikaingia nikikimbia. Marit alikuwa akimwuzia Abdirizak gunia la chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani. Gil alikuwepo pia, kwa kuwa shule zilifungwa.

"Marit, baba yako umeongea naye lini mara ya mwisho?"

Akawa mwekundu. "Kama ni mambo ya ule ubao, Lowell..."

"Si ubao. Hapokei simu. Lini?"

Akahesabu kichwani. Nilimwona akihesabu. "Siku kumi na mbili," akasema, na alipoisikia namba hiyo kwa sauti yake mwenyewe alichukua koti.

Tuliingia wanne katika pikapu yangu. Abdirizak hakuulizwa; alichukua beleshi lake jipya garini mwake, akapanda nyuma ya kiti. Njiani Marit alipiga simu ya dharura, akaambiwa gari la wagonjwa litachukua dakika arobaini kwa sababu ya barabara. Hakusema kitu kingine, ila kila baada ya muda alimpigia baba yake, akaisikiliza simu ikiita, akakata, akapiga tena.

Njia ya kuingilia kwa Verlyn haikuwa na alama hata moja ya tairi wala mguu. Theluji ilifika kiunoni. Abdirizak na Gil walitangulia wakichimba na kusukuma kwa vifua. Mimi nilikwenda upande wa magharibi wa nyumba, mahali mabomba mawili ya plastiki yanapotoka ukutani, moja la kuvuta hewa na moja la kutoa moshi wa tanuru. Sikuyaona. Upepo ulikuwa umeyafukia. Tanuru la kisasa likizibwa pumzi hujizima lenyewe. Kwa hiyo nilijua kwamba nyumba ni baridi. Nilichokuwa sijui ni jinsi mzee alivyokuwa akijipasha joto.

Alikuwa jikoni. Alifunga milango yote, akaziba chini ya mlango kwa taulo, akawasha oveni ya gesi na kuacha mlango wake wazi, kisha akakaa mbele yake amejifunika shuka ya Arlys. Kengele ya hewa ya sumu ilikuwa mezani, betri zimetolewa. Baadaye alisema ilikuwa ikilia-lia ikamkera. Kichwa chake kilikuwa kimeangukia kifuani.

"Baba!" Marit akapiga kelele. "Baba, umeamka? Baba, umeamka?"

Nilizima oveni, nikafungua dirisha. Gil hakungoja. Aliinama, akamtupa mkwewe mgongoni kama mtu anavyobeba gunia la simenti, akatoka naye kupitia njia ile nyembamba waliyoichimba, huku akisema kwa sauti yake ya New Jersey, "Barabara ikoje, mzee? Hebu niambie. Barabara ikoje?" Aliuliza hivyo mara saba au nane. Walipofika kwenye pikapu, Verlyn akatapika begani kwake, kisha akasema, "Bado... ipo."

Sijawahi kusikia maneno mazuri zaidi ya hayo. Marit aliketi kwenye theluji akalia kwa kelele, na Abdirizak akasimama kando, akimshukuru Mungu kwa lugha yake. Hakuna aliyemuuliza ni kwa sikukuu ipi.

Gari la wagonjwa lilipofika likampeleka hospitali, maili arobaini. Walimwekea oksijeni mchana kutwa. Daktari, msichana mwenye sauti ya upole, alituambia kwamba saa moja zaidi, na angekuwa anatueleza habari nyingine. Kufikia jioni Verlyn alikuwa amekaa kitandani, uso umepata rangi, na kinyago cha hewa kimemwacha na mstari puani. Tulikuwa tumemzunguka, tumechoka, tunacheka ovyo kwa kila neno, kama watu walioshuka salama kutoka kwenye paa refu.

"Kwa nini hukumpigia Lowell?" Marit akamuuliza.

"Ningempigia Lowell, Lowell angekwambia wewe, nawe ungekuja kwa huruma." Akatazama mikono yake. "Sikutaka uje kwa huruma. Nilitaka uje kwa sababu umenikumbuka."

"Nilikukumbuka kila saa kumi na mbili na nusu, Baba. Nilikuwa nashika simu kabisa."

"Na mimi nilikuwa nimekaa karibu na yangu."

Kisha Verlyn akamgeukia mkwewe.

"Gil. Hanuka yenu ni lini?"

"Ilikwisha Ijumaa iliyopita, mzee."

"Na hakuna aliyeniambia."

"Ulikataza kupigiwa simu."

"Mama yako yupo bado?"

"Amerudi kwao. Amekuachia chupa ya samli ya tufaha na ujumbe kwamba wewe ni mkaidi kuliko marehemu mumewe."

"Samli ya tufaha ndiyo nini?"

"Hata mimi sijui ni nini. Ndivyo anavyoiita."

Verlyn akacheka hadi akakohoa, na nesi akaja kutukemea. Alipotulia akasema, "Arlys akiandika maneno yale, alikuwa anasimama nje kwenye baridi kuangalia kama yamenyooka. Mtu akitaka kuyatoa, naona kama anamtoa yeye. Hilo ndilo lilikuwa langu. Sikulisema."

"Hukulisema," Marit akakubali. "Na mimi langu ni kwamba Gil anajisahaulisha kila Desemba ili sisi tufurahi. Nilichoka kumwona anajisahaulisha. Nami nikamnyamazisha mbele yako."

"Mara mbili," Gil akasema. "Lakini sihesabu. Ila mimi ni mwalimu wa hesabu."

Kisha akamwomba mzee aje kukaa kwao mpaka tanuru litengenezwe. Verlyn akasema hataki kuwasumbua. Gil akamwomba tena. Verlyn akasema kitanda chake kinamtosha. Gil akanitazama, nami nikamwinulia vidole vitatu.

"Mzee, nimeambiwa hii ya tatu ndiyo inayohesabiwa. Njoo kwetu."

"Hiyo ni ya pili," Verlyn akasema. "Ya kwanza nesi alikuwa anaongea."

"Basi hii hapa ya tatu. Njoo kwetu."

"Haya. Kama mmeng'ang'ania."

FUNZO

Nimeandika haya kwa ajili yenu watu wa mji wangu, mlionunua misumari pale na mlioacha kununua. Sikuja kusema ni salamu ipi iliyo sahihi. Verlyn bado anasema Krismasi Njema, Marit bado anasema Heri ya Sikukuu, na sijaona kwamba mmoja wao amekosa. Kosa lilikuwa kuinyima salamu kazi yake. Salamu ni njia ya kumuuliza mtu: upo? umeamka? nyumba yako ina joto? Tulipoanza kuyapima maneno na kuacha kumwangalia mwenye kusalimiwa, mzee mmoja alikaribia kufa umbali wa maili tatu, akiwa na simu karibu naye, na sisi sote tukiwa na salamu nzuri kabisa midomoni.

Ukisalimiwa kwa sikukuu isiyo yako, pokea mkono uliokunyooshewa. Ukijua sikukuu ya mwenzako, mtakie hiyo, haitakugharimu kitu. Kama neno fulani linakuuma, sema kwa nini linakuuma, tena mapema, kabla halijapanda ubaoni. Na kama mtu amekasirika akakwambia usimpigie, subiri siku moja, kisha mpigie. Akikwambia yuko sawa, uliza tena. Akikwambia usijisumbue, jisumbue. Nililijua hilo tangu utotoni, na bado nilikata simu.

Leo ni Ijumaa, tarehe ishirini na mbili. Nimekuwa kwa Verlyn tangu asubuhi, nikipandisha yale mabomba yapite juu ya kimo chochote cha theluji. La kuvuta hewa limekaa. La moshi nimelikata, nimelipima, nimelifunga kibano kimoja ukutani, lakini gundi haishiki kwenye baridi hii jua likishazama, na hapa linazama saa kumi na nusu. Nimeviacha vipande viwili na kopo la gundi ndani, karibu na kipasha joto changu cha umeme, vipate joto. Kesho nitaunganisha.